Suruali ya Mtoro

Mama Fundi alikuwa mtu pekee mtaani aliyejisifia mtoto mwoga. Wenzake walijisifia watoto wenye shahada, wenye magari, au wenye wake wanaojua kusalimia. Yeye, mteja akiuliza picha ya yule kijana mwenye kofia ya jeshi juu ya kabati la vitambaa ni ya nani, alitoa kwanza pini alizozibana midomoni, kisha akajibu bila kupepesa macho, "Mwanangu huyo. Mtoro wa jeshi. Alikimbia vita."

Hapo mteja alikosa pa kuuweka uso wake. Wengine walisema pole, wengine walijifanya wanachagua vifungo. Mmoja, mwenye ulimi usiojua kulala, aliwahi kuuliza kama huyo mtoro bado yu hai.

"Afe, kwani ana haraka gani?" Mama Fundi alimjibu. "Yupo. Kanenepa tu."

Binti yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano kwa kuwa alikuwa mwembamba na akikugusa unajua umeguswa, aliinamia cherehani yake ya pembeni na kukanyaga kwa nguvu ili mlio wa mashine uimeze sauti ya mama. Haukuimeza. Mama Fundi alikuwa na sauti iliyozoea kushindana na cherehani mbili na redio.

Habari ya jeshi ilikuwa nyingine kabisa. Miaka kumi na moja nyuma walikuja maofisa wawili, kofia kwapani, wakasimama katikati ya vipande vya vitambaa na kusema kwamba kijana hajulikani alipo baada ya mapigano. Mama Fundi aliwasikiliza, akawashukuru, akamwambia mmoja wao kwamba pindo la suruali yake limefumuka na kama ana nafasi avue limalizwe sasa hivi. Majirani walipokuja jioni kukaa matanga aliwakuta wanavua viatu mlangoni, akawaambia wavae. "Mnamlilia nani? Hata mimi sijui alipo. Rudini mkapike, watoto wana njaa." Wakarudi wakapika, na tangu siku hiyo nyumba ile haikulia. Sindano peke yake ndiye aliyelia, chooni, bomba likiwa wazi ili asisikike. Alikuwa akimpenda yule kaka kuliko alivyowahi kumwambia, na kilichomuuma kupita kifo chenyewe ni kwamba hakuwa na ruhusa ya kukiita kifo.

Kaka mwenyewe aliitwa Porojo, na jina hilo hakuonewa kupewa. Akiwa darasa la nne alimwambia mwalimu kwamba mama yake amefariki ghafla, apate kutoka mapema akacheze mpira. Mwalimu, mtu wa huruma, alifika nyumbani na rambirambi, akakaribishwa chai na marehemu. Porojo alichapwa, akalia, na katikati ya kilio akaanza kumweleza mama yake jinsi mwalimu yule alivyo mgonjwa wa kichwa. Mama Fundi alimwambia siku ile, na siku nyingine nyingi baada ya ile, kwamba njia ya mwongo ni fupi. Porojo alijibu kwamba yeye hana haraka ya kufika.

Alipoingia jeshini, na vita vilipoanza, alipiga simu mara moja. Mama asihofu, alisema. Yeye amepangiwa jikoni, mbali kabisa na milio, adui yake ni vitunguu. Basi Mama Fundi aliijenga hoja yake juu ya msingi huo, na haikuvunjika kwa miaka yote. Mpishi hapotelei vitani. Ukiona mpishi kapotea, jua kafuata nyama. Porojo alikuwa ametupa aproni, akavuka mpaka, akaoa, na sasa anakula vizuri mahali ambapo jeshi halitamfikia. Na mtu wa ukoo wao akila vizuri hunenepa, ushahidi ukiwa ni Mjomba, kaka yake Mama Fundi.

Ndiyo maana suruali ilipanuliwa.

Ilikuwa suruali ya kijivu, kitambaa kizuri kisichochakaa, ambayo Mama Fundi alimshonea mwanawe kabla hajaondoka. Aliivaa mara moja tu, siku ya kuagana, na siku hiyohiyo akaiunguza goti kwa sigara ambayo, kwa kiapo chake, ilikuwa ya mtu mwingine. Nguo zake nyingine zilikwisha zamani, maana fundi hatupi kitambaa: mashati yakawa mifuko ya ndani ya suruali za watu, jaketi likawa mto wa kupigia pasi. Ya kijivu ilibaki. Kila mwaka msimu wa wateja ukilegea, Mama Fundi aliishusha kabatini, akamwita kaka yake na kumvisha, kwa sababu Mjomba alikuwa na umbo lilelile la Porojo isipokuwa alikuwa ametangulia njiani. Akamtazama kiunoni, akakadiria Porojo amefikia wapi katika safari ya kwenda kuwa Mjomba, akafungua mshono wa nyuma na kuutoa kidogo, huku akitangaza habari za Porojo za mwaka huo. Kitambaa cha akiba kilipokwisha ndani ya mshono alianza kuongeza vipande, ubavuni na katikati ya miguu. Alishonea uzi wowote uliokuwa kwenye mashine siku hiyo, kwa hiyo ukiigeuza suruali ile ndani nje ungeona mishono ya rangi rangi, mwekundu, samawati, kahawia, mmoja juu ya mwingine.

Mjomba alikuwa na lalamiko moja tu, na alilitoa kila mwaka. "Dada, nimevaa suruali hii kuliko mwenyewe. Mbona mimi hunishonei?"

"Wewe una nguo."

"Nina nguo zenye matundu."

"Yapo mahali pazuri. Simama wima."

Alikuwa amesimama wima namna hiyo, juu ya kiti kifupi, pini zikiwa zimemzunguka kiuno kizima asiweze kukaa wala kuinama wala kuvuta pumzi ya kujaza kifua, siku Sajini alipoingia.

Sajini alikuwa amekwisha kustaafu, lakini mgongo wake ulikuwa haujaambiwa. Mguu mmoja haukukunjika vizuri. Alimwamkia Mama Fundi shikamoo, akamtazama Mjomba juu ya kiti, akaona ni heshima kutouliza. Alisema amewahi kuwa kikosi kimoja na kijana wa hapa. Wenzake waliosalia wamepewa kipande cha ardhi nyuma ya kambi, na wamejenga ukuta. Kwa kila asiyerudi watazika kisanduku kidogo, na jina lake litachongwa ukutani juu ya kisanduku hicho.

"Ndani ya kisanduku mnaweka nini?" Sindano aliuliza. Mguu wake ulikuwa umeacha kukanyaga.

"Nguo, dada. Moja tu, aliyoivaa mwenyewe. Siyo sare, sare ni ya serikali. Iwe ya nyumbani, iliyoshika jasho lake. Tulikubaliana hivyo sisi wenyewe, kwamba udongo haupewi kitu kitupu. Pasipo nguo hakuna kisanduku, na pasipo kisanduku jina hatulichongi. Na familia iwe imeridhia."

"Mnataka kuzika nguo," Mama Fundi alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nguo imekosa nini?"

Mjomba alicheka, pini zikamchoma, akaacha kucheka. Sajini alieleza upya, polepole, kama anavyoelezwa mtu mwenye msiba. Mama Fundi alimngoja amalize.

"Baba, umekosea nyumba. Hapa hatuna marehemu, tuna mtoro. Mwanangu aliacha sufuria zenu akaenda zake, na kama mnamdai miiko, mtanisamehe. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Wewe umeingia hapa umesikia kilio?"

Sajini alikuwa amefura shingoni. "Mama, usimwite hivyo. Tafadhali."

"Nimemzaa mimi, nitamwita nipendavyo. Na nguo yake aliyoivaa ndiyo hiyo." Alinyoosha kidole kwenye makalio ya Mjomba. "Mchukue, kama mwenye nayo atakubali kuzikwa."

Sajini aliitazama ile suruali kwa muda. Ingewatosha watu wawili wenye kupatana. "Hii siyo nguo aliyoivaa Porojo," alisema. "Porojo alikuwa mkanda anauzungusha mara mbili."

"Alikuwa. Leo ana miaka thelathini na moja na mke anayejua kupika. Mwaka huu amefungua bucha."

Sajini alisema kwamba mazishi ni kesho kutwa asubuhi, akaaga kwa adabu zote, akatoka.

Sindano alimkimbilia, akamkuta karibu na ngazi za duka la viatu, amesimama anajifuta uso na kitambaa.

"Msamehe mama yangu," alisema. "Anaamini alikuwa mpishi."

"Nani kamwambia mpishi?"

"Mwenyewe. Kwa simu."

Sajini alikunja kitambaa chake mara nne. "Dada, Porojo alipelekwa jikoni siku moja tu, kwa adhabu, na siku hiyo kikosi kizima kililala na maji tu. Sufuria tuliitupa. Alikuwa na sisi mbele, na bunduki, kuanzia siku ya kwanza mpaka ile ya mwisho."

Akamweleza ya mwisho. Walikuwa wameamriwa warudi nyuma, wapite bondeni, na adui alikuwa amekaribia kiasi cha kusikika anakohoa. Walikuwa wanakwenda mstari, Porojo nyuma yao wote, akiwapigia hadithi ya mwanamke aliyemkataa kwa sababu ya masikio yake. Hadithi ikakatika. Sajini akageuka, akamwona amekaa juu ya jiwe anafungua kamba za kiatu. "Tangulieni," Porojo alisema. "Nina kokoto kwenye buti."

"Tulicheka," Sajini alisema. "Nakwambia ukweli, tulimcheka. Mmoja wetu akamwambia asisahau kuikaribisha chai. Tukatangulia. Tulipofika chini bondeni bunduki yake ikaanza kulia, na ikaendelea. Ililia muda ambao sisi wote tulivuka mto na kupanda upande wa pili. Halafu ikanyamaza." Akakifungua tena kile kitambaa. "Miaka yote hii najiuliza. Mtu mwenye kokoto kwenye buti hufyatua risasi muda ule wote?"

Sindano alicheka. Lilikuwa jambo la ajabu kucheka hapo, mbele ya duka la viatu, lakini alikuwa anaisikia sauti ya kaka yake kabisa, ile ya uso mkavu aliyoitumia kuapa juu ya sigara. Kisha macho yakawaka moto, akamgeuzia Sajini mgongo mpaka yakapoa.

Hakumwambia mama yake siku ile. Alirudi akashona zipu kichwa chini, akaifumua, akaishona kichwa chini tena. Jambo lilikuwa hivi: bila suruali, Porojo asingekuwa na jina popote. Angebaki mtoro wa kuchekesha wateja mpaka mama afe, na baada ya hapo asingebaki hata huyo. Lakini ili suruali itoke, ilibidi mama aambiwe kwamba jiko halikuwepo, na pasipo jiko hapakuwa na mtoro. Kumwambia kulikuwa sawa na kumuua Porojo kwa mkono wake, yeye na mkewe, na mapacha wao waliozaliwa mwaka wa uzi wa kahawia, na hiyo bucha ambayo hata kodi ilikuwa haijalipa.

Alimweleza Mjomba, uani. Mjomba alifikiri kwa bidii, akasema, "Iibe."

"Mjomba."

"Iibe suruali umpe Sajini. Mama yako akiuliza, nitasema imeliwa na panya."

"Panya amekula suruali nzima na zipu yake?"

"Ndiyo maana nakwambia nitasema mimi. Mimi tayari ananiona mjinga."

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, wateja walipokuwa wamepungua na redio inasoma matangazo ya vifo, Sindano alizima redio. Mama Fundi alikuwa anatia vifungo kwenye shati la mtu.

"Mama, Porojo hakuwa jikoni."

Mama Fundi alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Najua."

"Unajua?"

"Mtoto aliyeunguza mayai ya kuchemsha. Nani ampe jeshi zima alilishe? Pasingekuwa na haja ya adui."

Sindano alikaa kwenye kile kiti kifupi cha Mjomba. "Tangu lini?"

"Tangu anafungua mdomo kwenye ile simu. Kulikuwa na milio nyuma yake, akaniambia ni sufuria." Alichukua kifungo kingine, akakitazama pande zote mbili kana kwamba kina upande. "Alitaka nilale usiku, nami nikalala. Walipokuja wale wawili na kofia zao, nikasema moyoni, kama yeye ameweza kuianza hadithi ya jikoni akiwa huko kwenye moto, mimi nimekaa hapa kwenye kivuli nashindwa kuiendeleza? Nikamvusha mpaka. Nikamwoza. Kila mwaka nikamwongezea kidogo."

"Na mimi je? Mimi ulinifikiriaje?"

"Ulikuwa unalia chooni, bomba umelifungua. Bili ya maji ilikuwa inakuja kwangu, mwanangu, ulidhani sijui? Nikasema, basi, mmoja wetu amlie, mmoja amnenepeshe."

Sindano alimkasirikia. Alimkasirikia kwa yale machozi yote ya chooni ambayo wangeweza kuyalia wawili, kwenye kochi, kama watu. Akamwambia hivyohivyo, na Mama Fundi akakubali kwa kichwa bila kujitetea, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu Sindano amjue. Kisha akauliza yule askari mwenye mguu alisema nini pale nje.

Sindano alimsimulia, mto, bonde, masikio, jiwe. Alipofika kwenye kokoto, mama yake aliinua mkono asimame hapo.

"Alisema nini?"

"Tangulieni, nina kokoto kwenye buti."

"Na bunduki ikalia."

"Mpaka wote wakavuka."

Mama Fundi alianza kucheka. Alicheka tumbo likamtikisika, shati la mtu likaanguka sakafuni na kifungo kikaingia chini ya kabati. "Mwongo mkubwa wee," alisema. "Mwongo, mwongo, mwongo." Alilisema neno hilo mpaka likabadilika mdomoni, na Sindano akaona kwamba mama yake halii kama wengine, analia kwa sauti ileile ya kushindana na cherehani, mdomo wazi, bila kujifuta. Mwenye kuja kuchukua shati alisukuma mlango, akaona, akaurudisha taratibu.

"Nilikuwa namwambia njia ya mwongo ni fupi," Mama Fundi alisema baadaye. "Laiti ningeufunga mdomo wangu."

Akainuka, akaishusha suruali, akaigeuza ndani nje na kuitandaza juu ya meza ya kukatia. Pini za Mjomba bado zilikuwemo. Alitoa nyembe mbili kwenye kopo, akampa Sindano mmoja, na wakaanza kufumua.

Kwanza zilitoka pini. "Bucha imefungwa," Mama Fundi alisema. Ulifuata uzi mweusi, wa mwaka jana. Mwaka jana Porojo alianza kukoroma, mkewe akahamia chumba cha pili. Sindano aliuchana, akavuta kipande cha ubavuni, mke akarudi kitandani. Chini yake uzi wa kijani: alikuwa amenunua pikipiki akaanguka nayo, akaletewa supu mwezi mzima na kunenepa mashavu. Pikipiki ikaenda. Uzi wa kahawia ulikuwa mgumu, umeshonwa mara mbili. Mama Fundi aliutazama kabla ya kuugusa.

"Hawa ndio mapacha," alisema.

"Tuwaache mpaka mwisho?"

"Hapana. Kata."

Walikata pamoja, mmoja kila mguu. Sindano hakuwahi kuwaona wale watoto wala kuambiwa majina yao, na bado alikata polepole. Zilipita nyuzi za miaka mingine kadhaa, ukaja mweupe, wa harusi, ambapo Mama Fundi alidai mkwe alikuwa mzuri wa sura ila hana mwili wa kazi. Kisha samawati, ambapo Porojo alikuwa bado mgeni katika nchi ya watu, anapanga chumba kimoja na mwanamume anayepiga tarumbeta. Vipande vya kijivu vilirundikana sakafuni. Mjomba aliingia, akaona, akafungua mdomo aseme lake la kila mwaka. Akaufunga, akavuta kiti, akaanza kuokota nyuzi na kuziviringisha kidoleni.

Uzi wa mwisho ulikuwa mwekundu. Ule ndio wa kwanza alioushona, mwaka uleule walipokuja maofisa. Alikuwa ameitoa suruali kidogo sana, chini ya unene wa kidole, kama fundi asiye na hakika na vipimo.

Ulipokatika, mshono wa zamani ulionekana wazi, mstari wa rangi iliyokolea ambayo jua halikuwahi kuifikia. Sindano alishona upya juu ya mstari huo, kwa cherehani ya mama yake, na Mama Fundi akapiga pasi. Akaiinua suruali kwa kiuno, akaielekeza dirishani. Ilikuwa nyembamba mno. Goti moja lilikuwa na tundu la sigara.

"Alikuwa hivi?" aliuliza.

"Alikuwa hivyo, Mama."

"Mbona alikuwa mtoto?"

Mjomba alitazama kidole chake chenye nyuzi za rangi zote, akasema kwamba angalau wamtilie na kokoto moja kwenye kisanduku, kijana asionekane mwongo mbele ya wenzake.

"Hutamtilia kitu," Mama Fundi alisema. Akaokota vipande sakafuni, akavipanga juu ya meza, akavipima kwa macho. Kisha akavuta futi shingoni mwake. "Sogea hapa. Simama wima. Safari hii ni yako."

Asubuhi ya mazishi walikwenda watatu, Mjomba akiwa ndani ya suruali yenye viungo vingi kuliko pweza, anatembea kifua mbele. Nyuma ya kambi kulikuwa na ukuta mpya, bado unanuka saruji, na mbele yake visanduku vilivyotosha kila kimoja shati au suruali iliyokunjwa vizuri. Mama Fundi aliikunja mwenyewe, akaiweka, akainyoosha tena kwenye pindo. Sajini alisogea akaitazama. Aliligusa lile goti lenye tundu, akafunga kifuniko.

Ilitolewa nafasi kwa kila familia kusema neno. Baba mmoja alisema mwanawe alikuwa simba. Mwingine alisema wake alikufa akiitaja nchi yake, ingawa hakuna aliyekuwepo. Mjane alisoma karatasi yenye maneno jasiri, mtiifu na mkakamavu, akakwama kwenye mkakamavu. Sindano alimshika mama yake mkono, akihofia miiko na sufuria.

Mama Fundi alisimama. Kwa mara ya kwanza sauti yake haikushindana na kitu.

"Mimi mwanangu alikuwa mwongo," alisema. "Kila mtu anajua, hata mwalimu wake. Aliniambia yuko jikoni, na hajawahi kupika hata chai. Siku ya mwisho akawaambia wenzake watangulie, ana kokoto kwenye buti." Aliwatazama wale wanaume waliosimama mstari kando ya ukuta, wenye vitambi, wenye vipara, mmoja amempakata mtoto, na Sajini mbele yao na mguu wake usiokunjika. "Nyinyi hapo mlitangulia. Nami ndiye niliyemzaa, namjua. Hakuwa na kokoto."

Akakaa.